Alamu ya grisi ikilia mnaizima, bushi ikiungua mnamsaka fundi!

Wakuu, nimekasirika na sitapunguza maneno. Presi ya kufua chuma imesimama tena. Bushi ya konrodi (pete ya shaba kwenye mkono unaosukuma kichwa cha presi) imeliwa mpaka shaba inatoka vipande, krenkishafti (shafti inayousukuma mkono huo) imechubuka, na kikao kizima cha asubuhi kimezunguka swali moja tu: fundi wa zamu alikuwa wapi?

Alikuwa hapo hapo. Nimefungua paneli ya umeme nikakuta waya umeungwa kuiruka rilei inayosimamisha presi pale grisi isipozunguka. Alamu iliwakera watu, wakaona dawa ni kuinyamazisha. Halafu wanashangaa!

Kwa wanaodhani ule mfumo wa kupeleka grisi ni kopo la grisi lenye mota: kwenye kigawanyi cha mfululizo (kifaa chenye pistoni ndogo zinazogawa grisi kwa zamu kwenda kila beringi), pistoni moja haisogei mpaka iliyotangulia imalize safari yake. Njia moja ikiziba, kigawanyi chote kinagoma. Pampu inaendelea kusukuma, presha inapanda, valvu ya usalama inafunguka na grisi inatokea pale. Ile grisi inayochuruzika kwenye valvu ndiyo mashine inavyosema kuna sehemu imeziba. Kwetu inafutwa kwa tambara kila zamu, na kuna aliyediriki kuikaza valvu ili "isichafue".

La bolti ndilo linaloniumiza zaidi. Hosi imepasuka, spea haipo, mtu anatoa hosi na kuziba tundu kwa bolti "kwa muda". Kwenye kigawanyi cha aina hii huwezi kuziba tundu hivyo! Pistoni yake haina pa kusukumia grisi, kwa hiyo zote zinakwama na kila beringi iliyo kwenye kigawanyi hicho inakauka. Na hosi iliyopasuka ikiachwa ilivyo, mambo ni mabaya kwa namna nyingine: pistoni zinasogea kama kawaida, sensa inaripoti kila kitu shwari, kumbe grisi inamwagika sakafuni. Sensa inaona pistoni inatembea, haioni kama beringi imepata kitu. Ndiyo maana nasema kila siku, mtu apite na tochi aangalie kama kuna grisi mbichi kwenye kingo za bushi na za reli zinazoongoza kichwa cha presi. Najibiwa kwamba mfumo ni otomatiki.

Haya, grisi yenyewe. Mtengenezaji ameandika NLGI 0 (NLGI ni namba ya ugumu wa grisi), stoo wananunua NLGI 2 kwa kuwa ndiyo inayotumika kwingine kote kiwandani. Namba 0 kipimo chake cha ulaini ni 355 hadi 385, namba 2 ni 265 hadi 295. Ni nzito zaidi, na haipiti kirahisi kwenye bomba jembamba na refu, hasa asubuhi ya baridi. Siku nyingine inaletwa iliyokolezwa kwa sabuni ya lithiamu, siku nyingine kwa udongo wa bentonaiti, zote zinamwagwa tangi moja. Hizo mbili hazipatani. Mchanganyiko unaweza kulainika kama uji na mafuta yakajitenga, kinachobaki kinaganda kwenye matundu.

Na namna ya kujaza! Kuna mdomo maalumu wa kujazia wenye filta, lakini wao wanafungua kifuniko na kuchota kwa kipande cha ubao. Pembeni hapo chuma cha nyuzijoto 1,100 hadi 1,250 kinafuliwa, magamba ya chuma yanaruka, grafiti ya kupulizia kalibu imetanda hewani. Vyote vinaingia tangini, pamoja na mifuko ya hewa inayoifanya pampu izunguke bila kusukuma kitu. Nafasi kati ya pistoni na tundu lake ni ndogo kuliko unene wa unywele. Mnatarajia nini?

Idara ya ubora nao wanalalamika kwamba nusu ya juu ya kipande imehama na haikai sawa na ya chini. Kalibu zimelaumiwa, zimetolewa, zimerudishwa. Reli za kuongozea hakuna aliyezipima, na zimelika kwa ukavu mpaka kichwa kinashuka kimeinama. Kuna mwerevu akaona suluhisho ni kuongeza kiasi cha grisi. Sasa inadondoka karibu na magamba ya moto, na moto ukishika shimo la presi sijui mtamlaumu nani.

Uzalishaji wanasema presi haiwezi kusimama hata robo saa ili tukague. Sasa imesimama, na itaendelea kusimama mpaka shafti ichongwe upya.

Ule waya nimeukata. Anayetaka presi iende bila ulinzi wa grisi, aje auunge mwenyewe mbele ya zamu nzima na aandike jina lake kwenye kitabu.