Dispensa ya ofisini inamwaga maji usiku na maji ya baridi yana harufu, tatizo nini?

Mwana_Chumbageni

Wakuu habarini za mchana. Naomba msaada kwa wenye ujuzi na hizi dispensa za maji, maana hapa ofisini imeshakuwa kero na fundi wa kwanza kashachukua hela bila kuondoa tatizo.

Tupo Tanga mjini, tulikuwa Ngamiani tukahamia Chumbageni mwezi uliopita, jumla watu tisa. Dispensa yetu ni ile ya kusimama, ya moto na baridi, chupa inapinduliwa juu, ile chupa kubwa ya lita 18.9 ambayo wote tunaiita ya lita ishirini. Siku ya kuhama tuliilaza kwenye guta pamoja na viti na makabati, kufika tu tukaisimamisha tukachomeka umeme palepale kwa sababu joto lilikuwa kali na watu wana kiu. Ikafanya kazi vizuri kama wiki mbili hivi.

Sasa mchana mzima haivuji hata tone, nimekaa nayo pembeni naangalia, sakafu kavu. Ila asubuhi tukifungua mlango tunakuta dimbwi mpaka chini ya meza ya mhasibu. Na si kila siku, kuna wiki haikuvuja kabisa, alafu iliyofuata ikavuja siku tatu mfululizo. Jumatatu mama anayetufanyia usafi, mtu mzima yule, aliingia kabla hajawasha taa akateleza akaangukia mkono, mpaka leo anaufunga kitambaa. Hilo ndo limeniuma zaidi maana mimi ndo nilikuwa nasema tutashughulikia, tutashughulikia.

La pili maji ya baridi yana harufu, sio ya kuoza, ni kama ukungu, kama tambara lililokaa na unyevu. Ya moto sijaisikia. Wenzangu wengine wameacha kuyanywa wananunua dukani.

Fundi alibadilisha koki zote mbili, usiku ule ule ikamwaga tena. Bosi anasema tuitupe tununue nyingine. Je tenki limepasuka? Na harufu ni ya maji tunayoletewa au ni mashine?

Fundi Majokofu

Mkuu msiitupe hiyo mashine. Kwanza nijibu, ile wiki ambayo haikuvuja, ilikuwa chupa ile ile au mlikuwa mmeshabadilisha? Nauliza hivo kwa sababu tenki likipasuka linavuja mchana na usiku, halichagui, na koki mbovu utaiona inadondosha kwenye trei. Kinachovuja usiku tu na wiki nyingine kinaacha, mara nyingi ni chupa yenyewe.

Kama umewahi kufuga vifaranga unaijua drinka. Unajaza maji unaipindua, maji yanashuka mpaka yafunike kitundu alafu yanasimama, kuku wakinywa yanashuka tena kidogo. Yanasimama kwa sababu hewa haina pa kuingilia juu. Sasa ile drinka itoboe juu na sindano tu uone, itamwaga maji yote banda zima. Dispensa ni hivo hivo, ndo maana ukichota unasikia blup blup, hewa inaingia kufidia maji uliyochota. Chupa ikiwa na ufa, hata mwembamba kama unywele ambao huuoni, hewa inapenya polepole na maji yanashuka polepole kwenye tenki. Mchana watu tisa mnachota kwahiyo yanayoshuka mnayanywa, hamuoni kitu. Usiku hakuna anayechota, tenki linajaa linafurika kwa juu, yanapita ndani ya mashine mpaka sakafuni. Mkibadilisha chupa nzima, kimya. Ikija yenye ufa, dimbwi.

Jaribu hivi. Chukua beseni, weka maji kidogo ya kufunika mdomo wa chupa, pindua chupa ndani ya beseni mtu mmoja aishikilie isianguke. Maji ya beseni yakikaa palepale dakika kumi chupa ni nzima. Yakizidi kupanda, umeshampata mwizi. Hizi chupa zinazunguka sana mkuu, zinarushwa kwenye guta, zinapangwa juani, kwahiyo ufa ni jambo la kawaida tu.

Na lile la kuilaza, safari hii mmepona. Kama nyuma ina ule wavu mweusi na ikiwaka inanguruma kama friji hiyo ina kompresa, na ndani ya kompresa kuna oili. Ukiilaza ile oili inakimbilia kwenye mabomba ya gesi. Ukiisimamisha iache masaa kadhaa bila umeme oili irudi, mimi wateja wangu nawaambia mpaka kesho yake. Kompresa ikifa hapo ndo kweli mtanunua nyingine.

Msafiri_wa_Pwani

Harufu ni maji mkuu. Badilisheni wanaowaletea, siku hizi kila mtu anajaza maji anauza.

Bi Mkubwa Raskazone

Msafiri mwanangu usimseme muuza maji kabla hujapima. Fungua chupa mpya, mimina glasi moja moja kwa moja kutoka kwenye chupa, alafu chota nyingine kwenye koki ya baridi, zinuse zote mbili. Ile ya chupa ikinuka ndo uwapigie simu, ila na mfuniko uangalieni kabla hamjafungua, kama lakiri yake haijaguswa na kama tarehe na alama ya TBS vipo.

Mwana_Chumbageni nikuulize kwa wema kabisa, hiyo dispensa mara ya mwisho iliogeshwa lini? Mimi nimefanya kazi ya chai na usafi maofisini miaka 14 na kila ofisi niliyoingia nilikuta watu wanafuta nje mpaka inang'aa, ndani hakuna aliyewahi kufungua. Wanaona maji ni ya chupa, ni safi, basi na chombo ni kisafi. Bibi yangu alikuwa hatii maji kwenye mtungi mpaka ausugue kwa ndani aufukize ubani, na yale maji alikuwa ameyachuja na kuyachemsha mwenyewe. Maji safi yakikaa kwenye chombo kichafu yanakuwa machafu, sisi watu wa pwani hili tumekuwa nalo.

Fanya hivi mwanangu. Zima swichi zote mbili za nyuma, chomoa umeme, subiri maji ya moto yapoe kabisa, usiwe na haraka hapo maana yale yanafika nyuzi 90 na yatakutoa ngozi. Toa chupa. Chota maji yote kwa koki, alafu nyuma chini kuna kizibo, weka ndoo ukifungue mpaka tone la mwisho. Sasa rudi juu, vua kile kikombe ambacho mdomo wa chupa unakaa. Ndani ya tenki la baridi utakuta kisahani cha plastiki kimelala, kinatenganisha maji ya juu na ya baridi chini. Kitoe ukigeuze. Pitisha kidole upande wa chini, kama kinateleza kama samaki basi harufu umeiona inapotoka.

Sugua kila kitu kwa brashi laini na sabuni kidogo, suuza. Alafu jiki isiyo na manukato, kijiko kimoja cha chakula kwenye lita 4 za maji, mimina kwenye tenki, chota kidogo kwa koki ya baridi ili ipite na kwenye bomba, iache dakika tano tu, mwaga. Suuza mara tatu, nne, mpaka usinuse jiki. Jiki usiichanganye na siki hata kidogo, inatoa hewa mbaya ya kukaba kifua. Siki au maji ya limau ni kwa ajili ya magamba meupe ya tenki la moto, fanya siku nyingine.

Na koki zioge pia. Watu wanagusisha midomo ya chupa zao pale wanapojaza.

Mpongwe_Umeme

Shikamoo Bi Mkubwa. Naongeza la umeme kidogo kwa sababu maji yamemwagika ndani ya mashine na hilo Fundi kalipita haraka. Mkuu kuanzia leo ukikuta dimbwi usikanyage ukaenda kuchomoa, zima kwanza kwenye swichi kuu ya umeme. Hita yake peke yake ni kama wati 500, kwahiyo ichomekwe kwenye soketi ya ukutani yenye ethi (waya wa ardhini) inayofanya kazi, sio ekstensheni iliyolala sakafuni pamoja na kompyuta. Na baada ya kuosha msiwashe swichi ya moto mpaka muweke chupa na mbonyeze koki nyekundu maji yatoke. Hita ikiwaka tenki likiwa tupu inaungua, nimeshabadilisha nyingi kwa sababu hiyo hiyo moja.

Jioni mkifunga ofisi zimeni ya moto. Inachemsha usiku kucha maji ya watu waliolala, na LUKU inakwenda.

Mwana_Chumbageni

Shikamoo Bi Mkubwa, na Fundi asante sana kaka. Narudi na majibu.

Fundi ulichouliza ni kweli, nimeangalia kwenye daftari la kupokea maji, siku zote tatu zilizovuja ilikuwa chupa moja, na wiki iliyokuwa kavu ilikuwa nyingine. Hatukuwahi kuunganisha. Chupa ya Jumatatu ilikuwa bado ipo stoo, nikafanya ile ya beseni na kijana wetu wa stoo ameshikilia. Dakika ya kwanza hakuna kitu, nikawa nasema Fundi kakosea, ya tatu maji yakaanza kupanda, kufika ya kumi beseni limefika ukingoni. Tukaitoa tukaifuta kavu tukaimulika kwa tochi ya simu kwa ndani, ufa upo begani karibu na mshikio, urefu kama wa njiti ya kiberiti, ukipitisha ukucha unakwama kidogo tu. Aliyetuletea amekubali kuibadilisha bila maneno.

Harufu nayo ndo hivo. Glasi ya chupa haina kitu, ya koki ina ukungu. Kile kisahani nilipokigeuza nilinyamaza, utelezi wa kijani na mweusi umeshika kote, na sisi tumekuwa tukinywa humo, na wageni tumekuwa tukiwakaribisha humo. Tumeosha jana Jumamosi kama ulivyoelekeza, suuza ya nne ndo jiki ikaisha. Leo nimepita kuangalia, sakafu kavu na maji hayana harufu.

Swali la mwisho, ile rangi ya kijani imetoka wapi wakati tenki limefungwa?

Fundi Majokofu

Dispensa ipo wapi, karibu na dirisha?

Mwana_Chumbageni

Ndio, dirishani upande wa baharini, jua la asubuhi linapiga chupa mpaka saa nne.

Fundi Majokofu

Basi ndo hapo. Kijani kinataka mwanga na maji, chupa ni ya kupitisha mwanga na nyie mmeiweka juani, kinaota juu kinashuka nayo. Ihamishie kona yenye kivuli, safari hii isukumeni ikiwa imesimama. Nyuma iacheni nafasi ya kiganja kizima na ukutani ule wavu upumue, na kwa hewa yetu hii ya chumvi ufuteni vumbi kwa kitambaa kikavu kila mwezi, vumbi likishika unyevu wa bahari mabomba yanaota kutu na gesi inapotea.

Bi Mkubwa Raskazone

Marahaba mwanangu. Kuosha ni kila miezi mitatu, na kwa watu tisa na joto la Tanga hata miwili si vibaya. Shingo ya chupa ifuteni kwa kitambaa safi kabla ya kuipindua kila mara, maana imeshikwa na mikono mingi mpaka ifike hapo. Alafu chupa hiyo na maji yake inafika kilo 19 na zaidi, asibebe yule mama mwenye mkono. Mpeni pole yangu, na umpeleke hospitali wamuangalie huo mkono, kitambaa peke yake hakitoshi.

Mwana_Chumbageni

Nampeleka kesho asubuhi hospitali ya Bombo, nimeshaongea na bosi gharama ni ya ofisi. Dispensa tumeihamishia kwenye kona ya stoo, na tarehe ya kuosha nimeiandika kwa maka peni kwenye plasta nyeupe nimeibandika nyuma karibu na zile swichi.