Dada yangu Kansas anaingia na kutoka kwenye kadi ya chakula, shida ni nini?

MamaKibuye:
Habari zenu wadau. Dada yangu yuko Kansas na watoto wawili, anahudumia wazee kwenye makao yao. Anapata SNAP, ile kadi ya serikali ya kununulia chakula. Mwaka jana ilifungwa, akarudishwa, juzi imefungwa tena. Shemeji yetu wa Kondele anasema huo ni ujanja, eti mwenye njaa haachi msaada. Nimechoka kubishana naye. Nani anajua?

JaKano:
Ya huko siyajui, ya kwetu nayajua. Mafuriko ya 2024 tuliandikishwa kupewa mahindi. Siku ya kugawa nilikuwa Ahero, kibarua cha kupalilia mpunga. Jina likaitwa mara mbili, kimya, likakatwa. Nilirudi jioni na mia tatu mfukoni, gorogoro hata moja sina. Kwa daftari lile, mimi nilishajitosheleza!

MkaziWaMbali:
Dada MamaKibuye, muulize kama alifanya ovataimu. Kikomo cha mapato kilichowekwa na serikali kuu ni asilimia 130 ya kiwango cha umaskini, mshahara ukihesabiwa kabla ya makato. Majimbo mengi yamelegeza, Kansas hapana. Wenzake wakiugua akashika shifti zao, mwezi huo anavuka. Saa zikipungua tena, faili limeshafungwa, inabidi aombe upya.

Halafu kuna fomu. Kila baada ya miezi kadhaa unathibitisha upya: hati za mshahara, kodi ya nyumba, mahojiano ya simu. Ukikosa, kadi inafungwa hata kama njaa ni ile ile. Mimi ilinipata nilipohama, barua ikaenda nyumba ya zamani. Akiipeleka fomu ndani ya siku 30 tangu kadi ifungwe atashughulikiwa kama anayeendelea, ila siku alizochelewa hazilipwi.

MamaKibuye:
Asante sana. Nimempigia. Mwaka jana ilikuwa ovataimu kweli, ya Desemba. Safari hii ni fomu: bahasha imekaa juu ya friji chini ya kalenda ya kanisa, alidhani ni tangazo. Mahojiano nayo, walipiga akiwa anamwogesha mzee, simu iko kwenye kabati. Siku 19 zimepita, anaipeleka leo.

Shemeji nimemsomea yote. Akasema, "Si angefungua bahasha?" Hapo nikazima simu.