Nyotamkia hafifu haionekani kwenye darubini na inapotea kwenye picha 60: tatizo ni anga, traka au programu? (Dodoma)

Chimwaga_Usiku

Wakuu, habari za usiku. Nimekwama na nyotamkia hafifu. Jina lake naliacha kando, kwa sababu hizi hupokezana kila baada ya miezi michache na tatizo ni lilelile. Takwimu zake: magnitudo 10 (kipimo cha mwangaza, namba ikiwa kubwa kitu ni hafifu zaidi), koma (lile wingu la kichwani) ina upana wa dakika 5 za tao (dakika ya tao ni 1/60 ya digrii, na sekunde ya tao ni 1/60 ya dakika hiyo), na Horizons ya JPL (kikokotoo cha NASA cha mtandaoni cha mahali vilipo vitu vya angani) inasema inatembea sekunde 1.5 za tao kwa dakika.

Vifaa: kamera ya APS-C ya megapikseli 24, lenzi ya 55–250 mm iliyowekwa 200 mm kwa f/5.6, traka ndogo (kifaa kinachozungusha kamera ifuate nyota) juu ya stendi ya miguu mitatu, na darubini ya kioo ya mm 130 f/5. Sehemu ni pembezoni mwa mji, upande wa UDOM. Picha 60 za sekunde 60, ISO 1600.

Kwenye darubini nyota za magnitudo 11 naziona, lakini nyotamkia ya magnitudo 10 siioni kabisa. Kwenye picha moja moja nyota zimevutika kuwa vistari. Nikizipandanisha (kuziunganisha ziwe picha moja) kwenye programu ya DeepSkyStacker nyota zinatulia, ila mahali pa nyotamkia kuna ukungu mwembamba mrefu usio na kichwa. Nianze kurekebisha wapi?

Suheli_Kusini

Mkuu, usiilaumu darubini. Magnitudo 10 ya nyotamkia si sawa na magnitudo 10 ya nyota. Nyota ni nukta, lakini mwanga wa nyotamkia umepakwa juu ya eneo zima. Duara lenye upana wa dakika 5 lina sekunde za tao za mraba kama 70,700. Gawa mwanga huo humo ndani, kila sekunde ya mraba inabaki na magnitudo 22.1. Anga la porini lenye giza zuri ni 21.5 hadi 22 kwa kipimo hichohicho, na anga la pembezoni mwa mji wenye taa nyingi ni kama 19. Kutoka 19 hadi 22.1 ni tofauti ya karibu mara 17: yaani anga lililo juu yako linang'aa mara 17 kuliko koma unayoitafuta. Kinachookoa ni kwamba koma nyingi zina mwanga mwingi zaidi katikati, kwa hiyo kidoa cha kati hujitokeza kwanza.

Kwa hiyo pesa ya lenzi kubwa iweke kwanza kwenye mafuta ya gari. Toka kilomita 30 au 40, na chagua barabara kulingana na upande iliko nyotamkia, ili mwanga wa mji ubaki mgongoni. Ikiwa magharibi jioni, nenda barabara ya Bahi. Ikiwa mashariki alfajiri, barabara ya Morogoro, uipite Mtumba na Chamwino, kuelekea Mbande. Ikiwa kusini, barabara ya Iringa, upite Ntyuka kuelekea Mlowa. Watu wengi huchagua sehemu moja nzuri wakaing'ang'ania mwaka mzima, kisha wanashangaa kwa nini nyotamkia ya mashariki inazama kwenye taa. Na popote uendapo, mwone kwanza mwenyekiti wa kitongoji kabla jua halijazama. Mtu mwenye taa nyekundu na mitambo shambani usiku huzua hofu, na hofu hiyo ni halali.

Muda nao una hesabu yake. Kwetu giza kamili huingia kama dakika 70 hadi 75 baada ya jua kuzama, kwa hiyo mwezi wa Juni ni karibu saa 2 kasorobo usiku. Ikiwa nyotamkia ipo chini ya nyuzi 25, subiri ipande, au kama inazama, ianze mapema. Kwenye nyuzi 30 mwanga unapita hewa mara 2 ya ile ya utosini, kwenye nyuzi 10 mara 5 na nusu. Kuanzia Agosti hadi Oktoba vumbi na moshi wa mashamba huongeza hasara hiyo sana. Kuhusu Mwezi, huna haja ya kusubiri uandame: siku ya nne baada ya mwezi mpevu unachomoza karibu saa 4 usiku, na nyotamkia ya jioni inakupa saa mbili safi.

Kwa macho: nusu saa gizani bila simu, taa nyekundu tu. Tumia lenzi ya jicho ya mm 15 (kwa darubini yako ni mara 43), usiangalie mahali penyewe, tupa jicho kidogo pembeni, kisha gusa bomba la darubini litikisike kidogo. Jicho hukamata kitu hafifu kinachosogea kabla ya kilichotulia.

Mhimili_6S

Naongeza kuhusu vistari vya nyota. Hapo kosa ni ulengaji wa ncha (kuelekeza mhimili wa traka kwenye ncha ya anga, ile nukta ambayo nyota zinaizunguka), na kwetu ni mgumu kuliko maelekezo mengi yanavyosema, maana yameandikwa kwa watu wa kaskazini.

Dodoma iko nyuzi 6 na dakika 10 kusini. Nyota ya Kaskazini iko chini ya upeo wa macho. Ncha ya kusini ya anga iko nyuzi 6 tu juu ya upeo, na nyota iliyo karibu nayo, Sigma Octantis, ni ya magnitudo 5.4. Ukiitazama kupitia hewa nene kiasi hicho inapoteza karibu magnitudo 2, na vumbi likiwepo ndiyo basi. Kile kidarubini cha kulengea ncha kwenye traka hakitakusaidia.

Unahitaji usahihi kiasi gani? Mhimili ukikosea digrii moja, nyota huhama hadi sekunde 15.7 za tao kwa dakika. Pikseli yako kwa 200 mm ni sekunde 3.8, kwa hiyo ni pikseli 4 kwenye picha ya sekunde 60. Ukifika ndani ya robo digrii, unabaki na pikseli moja. Robo digrii inafikika bila kuiona ncha.

Anza kwa kusawazisha stendi, weka mwinuko wa mhimili nyuzi 6.2 kwa programu ya simu ya kupima mteremko, na elekeza kusini. Dira ya simu isogeze mbali na chuma cha stendi, la sivyo inakosea nyuzi kadhaa. Traka nyingi zina swichi ya N na S: ikiwa kwenye N, mota inazunguka kinyume na nyota zinavutika mara mbili. Iangalie kila usiku.

Kisha rekebisha kwa kutazama nyota zinavyohama. Chukua nyota iliyo karibu na ikweta ya anga (mstari ulio katikati ya ncha mbili za anga), juu, inapokata mstari wa kaskazini-kusini. Ikihama kuelekea kaskazini, mhimili umekaa mashariki mno, usogeze magharibi. Ikihama kusini, fanya kinyume. Baada ya hapo chukua nyota iliyo chini upande wa mashariki: ikihama kaskazini mhimili uko chini mno, ikihama kusini uko juu mno. Maelekezo ya kaskazini mwa ikweta yamegeuzwa kwa haya yote, usiyafuate. Ukiwa na kompyuta, programu ya NINA ina ulengaji wa pointi tatu ambao hauhitaji kuiona ncha kabisa.

Jambo jingine: kwa mwinuko huu mdogo, fimbo ya uzito wa kusawazisha hugonga mguu wa stendi. Zungusha stendi fimbo ipite kati ya miguu miwili. Kama kitako hakishuki hadi nyuzi 6, fupisha mguu wa kusini, stendi yote ilale.

Upepo wa huku hutoka mashariki na kusini-mashariki. Egesha gari upande huo liwe ukuta. Ning'iniza mfuko wa mawe katikati ya stendi, lakini uguse ardhi, ukining'inia hewani unageuka bembea.

Pikseli_Moja

Sasa ule ukungu mrefu. Picha zako moja moja hazina tatizo la mwendo wa nyotamkia: kwa dakika moja inasogea sekunde 1.5, ambayo ni pikseli 0.4. Lakini kwa saa nzima imesogea sekunde 90, pikseli 23. Umezipandanisha kwa kufuata nyota, kwa hiyo kichwa kimepakwa kwenye pikseli 23. Kila kitu ulichokamata kimo humo, kimetawanyika tu.

DeepSkyStacker ina hali ya nyotamkia. Unaiwekea alama nyotamkia kwenye picha ya kwanza, ya mwisho na ile ya rejea, nyingine inazikokotoa kwa saa ya kamera. Programu ya Siril ni hivyohivyo: sajili (linganisha picha zikae sawasawa) kwanza kwa nyota, kisha kwenye mfululizo huo uliosajiliwa fanya usajili wa nyotamkia, ukichagua kichwa kwenye picha ya kwanza na ya mwisho. Kama kichwa hakionekani kwenye picha moja, itambulishe picha kwa ramani ya nyota ndani ya Siril, kisha weka alama kwenye viwianishi vya Horizons vya dakika hiyohiyo. Ndiyo maana saa ya kamera lazima iwe sahihi kwa sekunde chache. Horizons hutumia UTC: saa 3 usiku ya Dodoma ni 18:00.

Kwenye kupandanisha chagua wastani wenye kukataa pikseli zilizozidi, ndio unaofuta nyota zinazopita. Hapa muda ni muhimu kuliko wanavyodhani wengi. Nyota yenye upana wa pikseli 4, kwa mwendo wa 0.4 kwa picha, hukaa juu ya pikseli moja kwa picha kama 10. Kumi kati ya 60 zinakataliwa vizuri. Ukipiga dakika 20 tu, ni 10 kati ya 20, programu haijui ipi ni nyota na ipi ni anga, na michirizi inabaki. Kwa mwendo huu piga dakika 60 hadi 90.

Piga RAW, zima upunguzaji wa chembe (noise) wa picha za muda mrefu kwenye kamera na zima kitulizi cha lenzi. Fokasi iweke kwa mkono kwenye nyota angavu, kama Suheli au Shira, ukikuza mara 10, funga pete kwa tepu, irudie kila nusu saa maana baridi inaihamisha. Kila picha 5 sogeza kamera pikseli 10 hivi, la sivyo chembe za sensa zitachora mistari kwa uelekeo wa nyotamkia. Mwishoni piga picha 20 za giza ukiwa umefunika lenzi, kwa muda na ISO ileile, na 20 za mwanga sawia kupitia kitambaa cheupe bila kugusa fokasi. Hizi za mwisho ndizo zinazofuta vivuli vya vumbi, na vumbi la huku halikwepeki. Usilifute kwa kitambaa kikavu, lipulize kwanza.

Mgeni_Manyoni

Na asiye na traka kabisa?

Pikseli_Moja

Lenzi ya 50 mm, f/2.8, sekunde 4, picha 300. Zote hizo ni dakika 20, na kwa lenzi hiyo pikseli ni sekunde 15, kwa hiyo nyotamkia inasogea pikseli 2 tu na unaweza kupandanisha kwa nyota moja kwa moja. Irudishe katikati ya fremu kila baada ya picha 40. Utapata kidoa cha kijani au kijivu chenye upana wa pikseli 20. Usitegemee mkia.

Chimwaga_Usiku

Asanteni sana wakuu. Nimezipandanisha upya picha zilezile kwa hali ya nyotamkia, kuna kidoa hafifu. Nitajuaje kuwa ni yenyewe?

Suheli_Kusini

Gawanya picha mbili: 30 za kwanza na 30 za mwisho, kila fungu lipandanishe kwa nyota. Kidoa lazima kiwe kimesogea sekunde 45 za tao, pikseli 12, kwa uelekeo wa Horizons. Kikitulia ni galaksi au kishada cha nyota. Kikihama pamoja na fremu ni mwako wa lenzi.

Ukikiona na kwa macho, tuma makadirio ya mwangaza COBS, hifadhidata ya uangalizi wa nyotamkia. Kwa njia ya Sidgwick unakariri mwangaza wa koma ikiwa kwenye fokasi, kisha unazitoa nyota za kulinganisha nje ya fokasi mpaka zifikie upana uleule. Andika magnitudo, upana wa koma, na msongamano wa katikati kwa kipimo cha 0 hadi 9. Tarehe huandikwa kwa desimali ya UTC: tarehe 14 saa 3 usiku ni 14.75.

Ya kufanyia mazoezi ni nyotamkia 29P/Schwassmann-Wachmann. Iko mbali kuliko Mshtarii, karibu mara 6 ya umbali wa Dunia na Jua, na hulipuka mara kadhaa kwa mwaka, kutoka magnitudo 16 hadi 12 au 11. Siku za kwanza huwa nukta kama nyota, ndipo uiwahi. Baada ya wiki moja au mbili jumla ya mwanga inaweza kuwa haijapungua sana, lakini wingu limetanuka na utakuwa unapambana tena na ile magnitudo 22 kwa sekunde ya mraba.