Nimwambieje mzee apandishe barakoa bila kumvunjia heshima?

KondaMukono
Ndugu zangu, naombeni ushauri. Mimi ni kondakta wa teksi, yaani basi dogo la abiria, Kampala–Mukono. Tangu turuhusiwe kurudi barabarani Juni hii ya 2020, baada ya kusimamishwa kwa ajili ya korona, tunabeba abiria 7 badala ya 14, na hapandi mtu bila barakoa. Shida huanza tukishaondoka. Simu ikiita, mtu anaishusha kidevuni, anaongea mpaka Kireka, akimaliza anaiacha hapohapo. Vijana wenzangu tunaelewana. Wazee ndio wananishinda. Juzi mmoja wa umri wa baba yangu aliniambia, "Mimi siumwi." Nyuma yake alikaa bibi anayekwenda kliniki ya kisukari. Nifanyeje nisimkosee adabu mzee, na bibi naye nisimtupe?

NesiMukono
Mdogo wangu, asante kwa kumjali huyo bibi. Mtu huweza kuambukiza wengine siku moja au mbili kabla hajahisi homa wala kikohozi, kwa hiyo "siumwi" ya mzee haimsaidii aliyekaa nyuma. Kitambaa kile kazi yake kubwa ni kunasa matone yanayotoka kwa aliyekivaa. Na pua ifunikwe! Wengi wanafunika mdomo tu. Bibi mwenyewe, akipata barakoa ya hospitali, avae hiyo. Shirika la Afya Duniani lilishauri hivyo tarehe 5 Juni kwa waliofikisha miaka 60 na wenye maradhi kama kisukari.

DerevaMstaafu
Mwanangu, usimsahihishe mzee mbele ya watu gari likienda. Umemwaibisha, na atakaza shingo hata akijua una haki. Sema mlangoni, na sema na wote: "Wazee wangu, mama zangu, barakoa zifike puani mpaka tushuke, tuna wagonjwa humu." Mwenye simu apige kabla ya kupanda. Akishusha njiani, mwombe kwa ajili ya mwingine: "Mzee, nisaidie, tumlinde mama yetu hapo nyuma." Amri ya kijana ataikataa, lakini ombi kama hilo ni gumu kulikataa. Na madirisha yawe wazi.

FundiOwino
Wengine wanashusha kwa sababu imelowa au inabana. Mimi nashona tabaka tatu, ya ndani pamba, na naweka waya puani ili isiteleze. Mtu awe na ya akiba mfukoni, zote afue kwa sabuni kila siku. Zile zenye kidude cha plastiki cha kutolea pumzi usizihesabu: pumzi ya mvaaji inatoka bila kuchujwa.

AbiriaSeeta
Kondakta, kaka yangu, naomba na ninyi mjitazame. Kupaza sauti kunatoa matone mengi kuliko kupumua kimya, na makondakta wengi wanashusha barakoa ili waite "Mukono! Mukono!", kisha wanaingiza kichwa ndani kudai nauli. Mkono uleule ulioshika pesa unavuta barakoa kwa mbele. Shikeni kamba zake. Abiria akimwona kondakta ameivaa vizuri, hana la kubishia.

KondaMukono
Dada, nimelipokea, na wenzangu stendi nitawaambia. Mzee DerevaMstaafu, je, akikataa palepale mlangoni?

DerevaMstaafu
Mwombe kwa upole asubiri gari lingine. Kiti kitupu kinauma, najua, hasa mkiwa na 7 tu. Ndiyo maana zungumza na dereva wako asubuhi kabla hamjapakia, mkubaliane. Akikuacha peke yako mlangoni, abiria wote watakugeukia.