Asidi salfuriki ya molari 1 inanitokea 0.96. Nimekosea wapi?

Mgeni_Maabara

Habari zenu wakuu. Nina miezi miwili tu katika kazi ya maabara, na juzi nilipewa kazi peke yangu kwa mara ya kwanza: kuandaa mililita 500 za asidi salfuriki ya molari 1, yaani moli moja (kipimo cha kiasi cha kemikali) kwa kila lita. Chupa imeandikwa asilimia 98, densiti 1.84. Hesabu yangu: lita moja ina gramu 1,840, asilimia 98 yake ni gramu 1,803, gawanya kwa 98, ambazo ni gramu za moli moja, unapata molari 18.4. Kisha 500 ÷ 18.4 ni mililita 27.2. Nimeirudia mara tatu, haibadiliki.

Nikamimina hizo 27.2 kwenye bika, nikapima mililita 500 za maji yaliyokenekwa, nikaanza kuongeza. Maji ya mwanzo tu yalichachamaa yakaruka, matone mawili yakatua kwenye mkono wa koti. Nikangoja, nikamalizia pole pole.

Leo nimefanya titresheni, yaani kuipima asidi kwa kuidondoshea besi hadi imalizike. Mililita 10 za asidi yangu zilitakiwa kumaliza mililita 20 za sodiamu haidroksaidi ya molari 1, lakini bureti (mrija wenye vipimo wa kudondoshea) inasimama 19.3 kila mara. Asidi ya chupa imechuja au vipi? Anayenisimamia yuko likizo.

Kemia_Kwanza

Asidi hiyo hufyonza unyevu wa hewani. Chupa ikikaa wazi asilimia inashuka. Ongeza mililita moja, maisha yaendelee.

Mzee_wa_Bureti

Usiongeze kitu, mwanangu. Kemia_Kwanza hajakosea kuhusu unyevu, lakini hapa chupa inasingiziwa.

Hesabu yako ni safi. Kosa ni neno moja: ulitakiwa kuandaa mmumunyo (asidi na maji pamoja) wa mililita 500, wewe ukaweka maji mililita 500. Mililita 27.2 za asidi ni gramu 50. Jumlisha gramu 500 za maji, una gramu 550. Asidi ya asilimia 9 hivi ina densiti ya karibu 1.06, kwa hiyo ujazo wako ni kama mililita 518. Ulichoweka ni nusu moli. Gawanya kwa 0.518 uone kama hupati 0.96 yako. Titresheni yako imesema kweli tupu, na mkono wako kwenye bureti ni mzuri kuliko unavyodhani.

Tena angalia: 27 na 500 ni 527, lakini tumepata 518. Asidi na maji vikikutana hushikana na kujibana, ujazo haujumlishwi kama mawe. Ndiyo maana hatupimi maji ya kuongeza. Tunajaza hadi alama iliyo shingoni mwa chupa ya ujazo.

Sasa hilo la maji kuruka, ambalo umelitaja kama jambo la kupita, ndilo lililonifanya niandike usiku huu. Ulimwaga maji juu ya asidi. Maji ni mepesi, densiti 1 kwa 1.84, kwa hiyo yanaelea juu kama utando. Joto lote la kuchanganyika linazaliwa pale yanapogusana, na linaangukia maji kidogo yasiyo na pa kulipeleka. Maji yanachemka kwenye digrii 100, asidi yenyewe haichemki mpaka ipite 300. Kwa hiyo maji yanalipuka kuwa mvuke na kuichukua asidi pamoja nayo, kuelekea usoni kwako.

Geuza: asidi ndani ya maji. Asidi nzito inazama, fimbo ya kioo inaisambaza, na maji yote yanagawana joto. Kwa kipimo chako, mmumunyo mzima ungepanda kama digrii 17 tu. Joto ni lile lile, ila limepata wa kulibeba.

Ningefanya hivi. Maji mililita 300 kwenye bika ya kioo kinachostahimili joto, bika yenyewe ndani ya beseni la maji baridi. Asidi inashuka kidogo kidogo ukutani mwa bika huku unakoroga. Ukihisi bika inachoma kiganja, simama. Ikipoa kabisa, mimina kwenye chupa ya ujazo ya mililita 500, suuza bika mara mbili tatu na maji hayo ya kusuuza yaingie humo humo, ndipo ujaze hadi alama. Usijaze ikiwa vuguvugu: chupa ile imepimwa kwa digrii 20, na mmumunyo ukipoa utasinyaa chini ya alama.

Na usiizimue asidi ndani ya silinda ya kupimia. Nilifanya hivyo nikiwa kijana, kwa uvivu wa kuosha bika. Nilipoinyanyua, silinda ilikuja mkononi na kitako kikabaki mezani. Kioo kinene hakipendi joto la ghafla. Meza ile ilibaki na alama nyeusi mpaka nilipohama.

Koti lako tazama ukishalifua. Pamba iliyopata asidi hii huonekana nzima, matundu hujitokeza baada ya maji na sabuni.

Mgeni_Maabara

Shikamoo mzee. Nimecheka na kuogopa kwa pamoja. Matundu ni manne, si mawili. Je, ingenigusa ngozi nipake baikaboneti, ile ya kuzima asidi?

Mzee_wa_Bureti

Marahaba. Hapana. Baikaboneti ni ya meza na sakafu. Ngozi ni maji ya bomba, mengi, yanayotiririka, si chini ya dakika 15, na nguo iliyolowa ivuliwe hapo hapo bila kuona haya. Jicho vile vile, kope ukizishikilia wazi, kisha hospitali. Miwani ya kinga nadhani sihitaji kuitaja. Au nihitaji?

Mgeni_Maabara

...Ilikuwa mfukoni.

Swali_Dogo

Naomba kuingilia. Asidi kali na asidi iliyokolea si kitu kimoja?

Mzee_wa_Bureti

Hata kidogo. Ukali ni tabia ya asidi: haidrokloriki ndani ya maji inaachia haidrojeni yake yote, ukiizimua mara elfu bado ni asidi kali. Ukolezi ni kiasi chake katika lita. Asidi asetiki tupu ina molari 17 hivi, ni dhaifu, na inaunguza ngozi vizuri tu. Haidrofloriki nayo vitabu vinaiita dhaifu, na inaua. Neno "dhaifu" lisimlaze mtu usingizi.

Haidrokloriki ya asilimia 37, molari 12, haina joto jingi kama salfuriki, ila moshi wake unakaba. Hiyo fungulia ndani ya kabati la kuvuta mvuke.

Mgeni_Maabara

Mrejesho: nimerudia leo asubuhi, asidi ndani ya maji, beseni chini, miwani usoni. Bureti imesimama 19.9. Ile ya kwanza niimwage?

Mzee_wa_Bureti

Uimwage ya nini? Bandika lebo: 0.96, tarehe, jina lako. Na hii mpya usiiandike 1.00, iandike 0.995.