Rebel Ridge, John Wick 4 au The Killer: niweke ipi leo usiku?

Kalamu_Butu: Wakuu, habari za jioni. Leo nina nafasi ya muvi moja tu na nimebaki na tatu mkononi: John Wick: Chapter 4, Rebel Ridge na The Killer. Mimi si mjuzi wa sinema, naangalia tu kama watu wengine. Nataka risasi kiasi na akili kiasi. Ipi haitaniangusha?

Mama_Wawili: Unaangalia na nani? Una muda gani? Zile John Wick tatu za mwanzo umeziona? Watu mnaleta mada nusu halafu mnataka jibu zima.

Chuma_cha_Reli: John Wick, uzi ufungwe. Mwongozaji wake, Chad Stahelski, ndiye aliyekuwa akifanya stanti, yale matukio ya hatari, badala ya steringi wake huyuhuyu, Keanu Reeves, kwenye The Matrix ya 1999. Mtu aliyewahi kuanguka mwenyewe anajua kamera ikae wapi. Kuna sehemu kamera inapanda juu ya nyumba, unaviona vyumba vyote kama ramani, steringi anapita chumba hadi chumba na bunduki inatema moto. Hupepesi jicho.

Sikio_la_Paka: Usipepese jicho dakika 169? Si utapofuka. Mleta mada, weka The Killer ya mwongozaji David Fincher, dakika 118 tu. Steringi, Michael Fassbender, ni muuaji wa kukodiwa; yuko Paris, amejificha kwenye ofisi tupu anamsubiri mtu wake, na muda wote anajisemea moyoni jinsi alivyo makini: fuata mpango, usibuni. Kisha anafyatua, anakosa. Hapo ndipo hadithi inaanza. Mimi nilicheka, sijui kama mwongozaji alitaka nicheke.

Chuma_cha_Reli: Yaani dakika ishirini nzima tunamwangalia mtu anasubiri dirishani. Hiyo akshen au foleni?

Mama_Wawili: Ngoja niwape yangu ya John Wick 4. Niliingia ukumbini na chupa kubwa ya maji, nikaimaliza mapema kwa ujinga wangu. Saa ya kwanza sawa. Saa ya pili nikaanza kukunja miguu. Kila nikitaka kutoka, wanaanza kupigana tena, nami najiambia wakimaliza hawa natoka. Hawamalizi! Tukafika zile ngazi za Paris, 222, zinazopanda kwenda kanisa la Sacré-Cœur. Jamaa anapanda huku anaua, amebakiza kidogo afike juu, nikasema sasa basi, nikatoka mbio. Narudi namkuta yuko chini kabisa, amelala. Nikadhani wamerudisha picha nyuma! Namuuliza kijana wa pembeni, akanijibu "kashushwa kwa teke," halafu papo hapo, bila kuombwa, akanisimulia na mwisho wake. Nilikaa dakika zilizobaki nimenuna. Hadi leo sijui kama ile muvi ni nzuri.

Mzee_wa_Projekta: Pole dada. Lakini nyinyi vijana mnahangaika bure. Tafuteni Heat, 1995. Yale mapambano ya risasi barabarani baada ya kuiba benki, mwongozaji Michael Mann alitumia sauti zilizorekodiwa palepale wakati wa kupiga picha, hakubandika sauti za studio. Mlio unagonga ukuta wa jengo moja unarudi kwenye lingine. Siku hizi bunduki zote zinalia kama mlango wa gari.

Kalamu_Butu: Mzee shikamoo, ila nilisema za karibuni. Halafu samahani wote, nilisahau kutaja: naangalia na mama yangu. Macho yamepungua, maandishi ya chini hayaoni. Damu nyingi hapendi. Na anauliza maswali.

Mama_Wawili: Si nilisema! Hilo ndilo la kwanza kuandikwa. John Wick iondoe sasa hivi.

Bwana_Tulia: Basi ni Rebel Ridge, ya 2024. Steringi, Aaron Pierre, anaendesha baiskeli, ana spika masikioni, hasikii king'ora, polisi wanamgonga kwa gari kisha wanamchukulia dola 36,000, na sehemu yake alikuwa anapeleka kumwekea dhamana binamu yake. Na kwa sheria za Marekani polisi wanaweza kweli kushikilia pesa wakidai wanazishuku, hata kama wewe hujashtakiwa. Jamaa anajua kupigana kuliko wote pale, lakini anajizuia asiue. Hasira inapanda taratibu. Mama ataelewa, hakuna mama asiyejua uchungu wa kudhulumiwa.

Chuma_cha_Reli: Steringi asiyeua ni steringi gani? Afadhali Extraction 2. Dakika 21 mfululizo bila kukata picha, gerezani hadi kwenye treni.

Mzee_wa_Projekta: Bila kukata wapi? Vipande vimeunganishwa. Kila kamera inapopita gizani au mgongoni mwa mtu, jua hapo pana mshono.

Chuma_cha_Reli: Mshono usioonekana si mshono.

Mzee_wa_Projekta: Kwa fundi cherehani labda.

Sikio_la_Paka: Mnaotetea sauti, nani anielezee kwa nini mazungumzo ya muvi za sasa hayasikiki? Wakinong'ona naongeza, bomu likilipuka jirani anagonga ukuta. Usiku mzima nimeshika rimoti kama usukani.

Bwana_Tulia: Kwenye baadhi ya televisheni kuna mpangilio wa sauti za usiku, unapunguza kishindo na kuinua maneno. Kalamu_Butu, hilo litamfaa na mama.

Kalamu_Butu: Asante mkuu, nimeuona, nimewasha. Tumeanza Rebel Ridge. Polisi hata hawajamaliza kuhesabu pesa, mama keshauliza mara tatu kama baiskeli imepinda rimu.

Mama_Wawili: Imepinda?

Chuma_cha_Reli: Mzee, nitajie dakika ya ngapi una mshono. Nasubiri.