Tunafundishwa Kichina cha salamu, mashine ikipiga king'ora hakuna anayeielewa

Ndugu zangu mnaofanya kazi viwandani hapa Mombasa, nina hasira, lakini nitajitahidi kulieleza jambo hili kwa utaratibu.

Kiwanda chetu kiko Changamwe na kinatengeneza vyombo vya plastiki kwa mashine zilizotoka China, na mafundi wake wametoka huko huko. Tangu mwaka jana tumelazimishwa kuhudhuria darasa la Kichina baada ya zamu ya mchana, bila malipo ya ziada, na asiyefika huandikiwa barua ya onyo. Sipingi kujifunza lugha, maana mji huu umezoeana na lugha za wageni tangu enzi za majahazi. Ninachopinga ni kukaririshwa namna ya kumwamkia mkurugenzi, kutaja siku za wiki na kuagiza chai, ilhali skrini ya mashine, iliyojaa maandishi ya Kichina, hatujafundishwa kuisoma hata mstari mmoja.

Kwa wasiozijua mashine hizi, plastiki huyeyushwa ndani ya pipa kwa joto linaloweza kuzidi nyuzi 200, kisha husukumwa kwa shinikizo kubwa hadi kwenye moldi, yaani kalibu inayoipa umbo. Kitufe chekundu cha dharura kila opereta anakijua kwa rangi yake. Taabu huanza kabla ya hapo, king'ora kinapolia na mstari mwekundu kutokea kwenye skrini, nawe hujui kama unaambiwa mlango haujafungika, mafuta ya haidroliki yamepungua au joto la pipa limepita kiasi. Mwenzangu huipiga picha skrini kwa simu na kumtumia fundi, nasi tunasubiri jibu huku plastiki ikiungua na harufu yake ikitukaba koo. (Simu, kwa taarifa yenu, zimepigwa marufuku karibu na mashine.)

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri awape wafanyakazi maelezo, maelekezo na mafunzo ya kuwalinda. Maelekezo nisiyoweza kuyasoma yananilinda vipi? Tulipoomba tafsiri ya Kiswahili ya maonyo hayo ibandikwe kando ya kila mashine, ofisi ya rasilimali watu ilijibu kwamba bajeti ya mafunzo imekwisha. Fedha za kutufundisha kuagiza chai zilipatikana, za karatasi iliyopigwa laminesheni hazipo! Na mwajiri anayelipa ushuru wa mafunzo wa NITA (mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani), shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi, anaweza kuomba arudishiwe gharama za mafunzo yaliyoidhinishwa.

Tunataka darasa liwe ndani ya saa za kazi na lianze na maandishi ya skrini, na mafundi nao wafundishwe Kiswahili cha kazi, kwa sababu zamu ya usiku huwa tumebaki nao peke yao.

Mashine zetu zina chaguo la Kiingereza kwenye menyu, ila nywila anayo fundi na hataki kuitoa. Mlioko Miritini, Jomvu na EPZ (viwanda vya bidhaa za kuuza nje), nyinyi mliipataje?